Wikendi ya Kumfuata Mume Wangu

Mume wangu alikufa maji kwenye ufuko wa watalii huko Malesia. Ofisi yake ya Johannesburg ilikuwa imempeleka kozi, na mwisho wa wiki wenzake wa darasani wakamshawishi waende kuogelea. Mtu aliyekaa Morogoro miaka yote ya ukimbizi, akiwakimbia makaburu, akiogopa hata mto ukijaa, leo akaenda kuchezea bahari. Nilimlilia huku nimemkasirikia, na hasira ndiyo iliyochelewa kuisha.

Mwili ulirudi kwa ndege, tukauzika Soweto. Baada ya hapo mama mkwe wangu akaanza kumwota. Alimwona amesimama getini, anachuruzika maji, amekataa kuingia. Kwao jambo hilo halina mjadala. Aliyefia ugenini roho yake hubaki palepale mpaka watu wake wamfuate na tawi la mti wa miiba waitao umlahlankosi, wamwite, wamwambie twende nyumbani. Na anayelishika tawi wakati wa kurudi hasemi na mtu njiani, husema na marehemu tu. Niliwahi kuwaona majirani wakienda nalo hospitalini, au kando ya barabara palipotokea ajali. Malesia sikusikia mtu aliyekwenda nalo.

Kazi hiyo ilikuwa ya baba mdogo wa mume wangu, mkubwa wa ukoo. Akasema yeye ndege hapandi, na asilaumiwe. Lakini ulimi wake haukuogopa kitu. "Na huyu makoti naye," aliwaambia watu sebuleni, na kwao makoti ni mke aliyeolewa katika ukoo, mimi nikiwa nagawa chai, "nani hapa alimwona akiolewa?"

Tulifunga ndoa kanisani Morogoro. Wazee wangu walikuwapo, wa kwake hakuwapo hata mmoja. Wakati ule wangepitia wapi? Baba mdogo alishikilia kwamba kijana wao alitoka bila mke, na ataingizwa nyumbani hivyohivyo. Maana yake niliielewa. Tawi likishawekwa mle ndani, mahali pa mizimu ya ukoo, bila mimi kutajwa, nimekuwa mpangaji katika nyumba niliyoishi tangu mwaka 1994, na mpangaji hufungashwa virago. Hata nguo nyeusi za ujane, ambazo ukoo wa mume ndio humvisha mjane, nilijishonea mwenyewe. Mama mkwe alisikiliza yote, hakusema ndiyo wala hapana. Tuliheshimiana sana mimi na yeye, na kuzungumza kidogo.

Akasema atakwenda mwenyewe, nami nimsindikize, kwa kuwa ninajua Kiingereza cha uwanja wa ndege. Wakala wa safari mjini alituuzia kilichokuwa nafuu, wikendi ya mapumziko: nyanda za juu, hifadhi ya msitu, kisha ufuko. Nilisikia ufuko, mengine hayakuniingia akilini. Nilipogundua kwamba bahari ni siku ya mwisho, tulikuwa tayari ndani ya basi na wenzetu wenye kofia za jua.

Mwongozaji wetu, mama mnene mwenye kibendera, alikuwa ametuvisha mashada ya maua ya manjano shingoni. Mama mkwe yuko na nguo nyeusi mpaka vifundoni, tawi amelikumbatia ndani ya blanketi, na maua juu.

"Hawa wanajua tumefuata nini?" akaniuliza.

Nikamwambia hawajui, kila mgeni hupokewa hivyo.

"Ni watu wema," akasema, akakaa na lile shada hadi wakati wa kulala.

Basi likapanda milima kwa kuzunguka, baridi ikaingia, ukungu ukashuka, na nilipochungulia dirishani nikaona chai. Vilima vizima vya chai. Watalii waliteremka mbio kupiga picha. Mimi ni mtu wa Mufindi, mama yangu amechuma chai na kikapu mgongoni maisha yake yote, na hakuna mtu aliyewahi kukata tiketi kuja kumtazama. Nilicheka mpaka mama mkwe akanigeukia. Tangu msiba sikuwa nimecheka.

Nilipomweleza, alivitazama vile vilima. "Hawu. Kumbe kwenu kuko hivi."

Hakuwa ameniuliza hata siku moja kwetu kukoje, nami kwa kiburi changu sikumwambia. Akauliza kama mwanawe aliwahi kufika. Nikamsimulia alivyokuja kunichumbia msimu wa mvua, amevaa suruali nyeupe ya kuazima, akateleza mbele ya wajomba zangu na kushuka kilima kizima kwa makalio. Wajomba walisema, mwanamume aliyeanguka namna ile na bado akanyanyuka kutoa salamu, mpeni mke. Mama mkwe alicheka amejiziba mdomo, kisha akataka nimsimulie tena, nani na nani walikuwapo, wali ulipikwa na nani. Nilimsimulia hadi sauti ikakauka.

Kesho yake msituni watu walipanda daraja la kamba lililoning'inia juu ya miti. Sisi tulibaki chini kwenye benchi, akauliza habari za harusi.

Siku ya bahari ilikuwa na jua kali. Wazungu walikuwa wamejilaza mchangani wanapakana mafuta, na sisi tukapita katikati yao na nguo zetu nyeusi. Mama mkwe alilifungua tawi, akaingia maji yakamfika magotini, akaanza kumwita mwanawe kwa majina ya sifa ya ukoo wao, babu kwa babu. Alimwita sana. Mimi nilisimama nyuma yake nimeshika viatu vyake.

Alipogeuka, uso ulikuwa umesawajika. "Haji. Mimi namwita mtoto wa shule, yule aliyetoroka kwangu bila kuniaga akaenda uhamishoni. Mtu mzima aliyefia hapa simjui vizuri. Wewe ndiye unayemjua." Akanitia tawi mkononi. "Mwite kwa lugha mliyokuwa mkiongea."

Nilitaka kusema maneno mazuri, yakatoka ya jikoni. "Haya, mume wangu. Umekaa majini inatosha. Nani alikutuma huku? Mama yako kaja mwenyewe, na kwenye ndege alishikilia kiti mpaka kucha zikauma. Toka twende nyumbani, basi linatusubiri." Hapo nikalia. Nilimwambia kwamba nampenda na kwamba nyumba imekuwa kubwa mno bila yeye, na sikujali nani anatazama.

Kama alitoka, mimi sikuona kitu. Mama mkwe alivaa viatu vyake, akasema twende.

Tangu hapo sikusema na mtu mwingine. Nilimwambia mume wangu tunapanda basi, tunaondoka baharini, sasa ndege inaruka. Mwongozaji alipotaka kumketisha mtu kando yangu, mama mkwe alimzuia kwa Kiingereza chake cha kubahatisha: hapo kuna mtu.

Uwanjani Johannesburg baba mdogo alikuwa akitungoja amevaa suti. Alimsalimu mama mkwe, kisha akaninyooshea mkono.

"Lete. Kuanzia hapa ni kazi ya ukoo. Umemsindikiza mama, tunashukuru, imetosha."

Mimi ni mtu wa maneno. Hakuna aliyewahi kunitupia moja nisimrudishie mawili. Siku ile nilikuwa nayo mengi kuliko siku zote, na hata moja sikuruhusiwa kulitoa. Nililishika tawi kwa nguvu, miiba ikanichoma kiganjani. Niliogopa. Nilijua likitoka mkononi mwangu pale, nimekwisha.

"Kwani hasikii?" baba mdogo akauliza.

"Anasikia," mama mkwe akasema. "Hawezi kukujibu, anaongea na mumewe. Sogea wapite."

Baba mdogo akasogea. Nikamwambia mume wangu kwamba sasa tunatoka nje, kuna baridi, na mama yuko nyuma yetu.