Watu wa Barafu Katika Banda la Kirumba

Mwaka jana nilirudi Mwanza kwenye harusi ya mpwa wangu, na kabla ya kwenda ukumbini niliomba nishushwe Kirumba, pale njia inapoteremka kwenda mwaloni, kwenye soko la samaki la ufukweni. Nilitaka kupaona tu. Lilipokuwa banda la video sasa kuna duka la vifaa vya ujenzi, lenye ngazi za vigae na mlinzi. Mlinzi akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia banda. "Banda gani, mama? Hapa hapajawahi kuwa na banda." Ni kijana, simlaumu. Lakini wewe uliyekulia mjini miaka ile ya mitumba na viwanda vya minofu, unalijua, hata kama la kwenu lilikuwa Igogo au Mabatini.

Letu lilikuwa la mabati makuukuu, na mabenchi yake yalipigwa kwa mbao za mitumbwi iliyochoka, hivyo ukikaa sana ulitoka ukinuka lami na samaki. Runinga ilikuwa moja, ndani ya sanduku lenye kufuli. Nje jenereta ilinguruma. Mlangoni alikaa bibi yangu na karai la mapanki, yale mabaki ya sangara ambayo viwanda viliyatoa baada ya kuchukua minofu. Bibi aliyakaanga mpaka mifupa ikawa inavunjika mdomoni kama kashata. Mimi nilifukuza nzi na kuosha sahani, na kwa kazi hiyo mwenye banda aliniruhusu kuingia Jumapili alasiri.

Filamu tulitafsiriwa. Mkalimani wetu alisimama kando ya runinga na fimbo ndefu, kama mwalimu na ramani, akizungumza juu ya sauti za Wazungu. Alisema Kiingereza alikipata bandarini. Wengine walisema hakukipata popote. Haikutusumbua. Kila mtu kwenye picha alimpa jina tulilolielewa: mwenye ndevu alikuwa Mwenyekiti, mnene alikuwa Mheshimiwa, na mwanamke yeyote aliyelia alikuwa Shangazi. Filamu zenyewe hatukuzijua kwa majina yao. Hii ninayokusimulia tuliiita Watu wa Barafu.

Kabla sijaifikia, nikujulishe jirani yetu, mama muuza dagaa. Msimu uliotangulia, mwanawe wa kwanza alikwenda kuvua dagaa, upepo ukapindua mtumbwi. Wenzake wawili waliokotwa. Yeye hakuonekana. Vijana wote wa mtaa walitoka kumtafuta, mkalimani akiwa mmoja wao, mpaka wazee wa mwaloni waliposema basi. Kwa watu wa ziwani kama wao, maiti isipopatikana huzikwa mgomba badala yake. Bila hivyo msiba haumaliziki: mdogo wa marehemu haoi, na nyumba haitulii. Shemeji wa jirani yetu, ndugu wa mumewe, alikuja mara mbili kutoka Ukerewe kumwomba akubali. Mara ya pili mama huyo alimjibu mbele yetu sote: "Zika mgomba wako, shemeji. Mwanangu mimi si ndizi." Kila jioni aliendelea kumtengea ugali na kuufunika.

Jumapili ile mvua ya masika ilishuka ghafla, na mwenye banda akawaruhusu wauzaji wote wa nje waingie. Ndivyo jirani yetu alivyoingia mle kwa mara ya kwanza, ungo wa dagaa mapajani, akakaa benchi la nyuma kati yangu na bibi.

Filamu ilikuwa ya watu wanaopanda mlima wa theluji. Sisi tuliozaliwa Mwanza, tunaokwea mawe kila siku na ndoo ya maji kichwani, tuliiona kazi ya kawaida.

"Wanatafuta nini huko juu?" mtu mmoja akauliza.

"Dhahabu," alijibu mkalimani bila kufikiri.

"Mbona hawana sururu?"

"Zimetangulia na wapagazi. Tazama picha wewe!"

Kisha yakaja makoti, banda likalipuka kwa kicheko. Yalikuwa yale yale manene ya mitumba ambayo wavuvi wetu waliyavaa usiku kwa baridi ya ziwani. "Hao ni wavuvi wa Igombe! Muulizeni huyo dagaa kauzaje!" Walipofika kileleni wakachomeka bendera, wakapigana picha, wakaanza kushuka mikono mitupu. Watu wakakasirika. "Dhahabu iko wapi?" Mkalimani akakiri kwamba wameikosa. "Kama mimi tu," alisema mzee mmoja aliyerudi kutoka machimbo ya Geita, tukacheka tena.

Kicheko kilikatika kidogo kidogo. Dhoruba ilikuwa imewakuta. Mmoja akafa kamba ilipokatika, mwingine akafunikwa na theluji. Wa tatu alivunjika mguu, akaketi ameegemea jiwe. Koti lake lilikuwa la rangi ya chungwa, lenye mstari wa fedha mabegani. Nilisikia ungo ukiteleza na dagaa wakimwagika. Koti la namna ile jirani yetu alikuwa amelichagua mwenyewe kwenye mnada wa mitumba, na mwanawe alikuwa amelivaa usiku ule.

Kwenye picha wenzake walimshika kichwa, wakasimama, wakaendelea kushuka.

"Wanamwacha?" jirani yetu aliuliza.

Mkalimani aliendelea kuelekeza fimbo kwenye theluji.

"Wewe kijana, nakuuliza. Wanamwacha?"

Hapo mkalimani akafanya ambalo hatukuwahi kumwona akifanya: alisimamisha mkanda. Picha ikabaki inatetemeka juu ya lile koti.

"Wanamwacha, mayu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma. "Ameshakufa. Wakimbeba, wataisha wote."

"Na mama yake?"

"Mama, ni picha tu hiyo," mtu wa mbele akaingilia.

"Nyamaza wewe," bibi alimkatiza. "Ungekuwa umezaa usingesema picha."

Mkanda uliendelea. Mwishoni waliosalia walifika chini, kwenye mahema yao, wakavua kofia, wakaanza kurundika mawe. Mkalimani hakupaza sauti. "Wanamzika," alisema. "Hayumo, lakini wanamzika. Mwenyekiti anasema: ndugu yetu, hatukukutupa. Tumekupa mahali, ili mama yako akija awe na pa kukaa."

Mvua ilikuwa imepungua. Tulimsaidia jirani yetu kuokota dagaa, tukatoka naye. Tulipokaribia nyumbani alimwambia bibi, kama anayeagiza chumvi: "Mpelekee shemeji habari. Aje."

Tulivuka kwa meli kwenda Ukerewe, kwao marehemu. Mgomba jirani yetu aliuchagua mwenyewe shambani. Wa kwanza aliukataa: "Huu mfupi. Mwanangu alikuwa mrefu." Wa pili akaukumbatia kuupima kabla haujakatwa, kisha wakauvika sanda. Mkalimani aliacha kazi ya banda siku hiyo akaja. Alisimama mbali, nyuma ya wanaume wa ukoo, mpaka mama yule alipomwita kwa mkono aje atupe udongo pamoja nao. Jioni tulikula sote ugali na sato, na hakuna sahani iliyofunikwa.

Nimekuwa mtu wa kufuatilia mambo, ndiyo kazi inayonilisha, na baada ya miaka mingi niliipata filamu ile. Nikaitazama peke yangu, nikiwa sasa nakijua Kiingereza. Mvunjika mguu yupo, na koti lake. Mawe nayo yapo. Ila Mwenyekiti hasemi lolote juu ya mama wala ndugu. Anawaambia wenzake wafunike mitungi ya hewa iliyobaki, ili wakirudi msimu ujao waikute. Kofia wamezivua kwa sababu jua limetoka. Nilirudisha nyuma nikasikiliza tena, na tena.

Kama mkalimani hakuelewa, au alielewa vizuri kuliko wote, hakuna wa kumuuliza. Alikwenda machimboni banda lilipofungwa, na habari zake zikaishia huko. Bibi hayupo. Jirani yetu naye amelala Ukerewe, ubavuni mwa ule mgomba. Siku hizi filamu zinakuja na maandishi chini, sahihi neno kwa neno, na maandishi hayajui nani amekaa benchi la nyuma.