Kiti cha Sikai

Jina la Sikai alilipata siku alipokwenda kuposa. Wazee walimsogezea kiti, naye kwa wasiwasi akatamka neno alilozoea kulisema katika kila nyumba aliyoingia: "Sikai, napita tu."

Baba mkwe akashusha miwani. "Umekuja kunichukulia mwanangu huku unapita?"

Kicheko cha siku ile hakijaisha mpaka leo. Hata mkewe, akimkasirikia, humwita hivyohivyo.

Na kazi yake, kana kwamba kuna mtu anamfanyia mzaha, ni kushona viti: vya magari, vya saluni, makochi ya watu waliochoka. Karakana yake imeegemea ubavu wa nyumba, na ndani yake mna cherehani nzito, mabunda ya sponji na harufu ya gundi isiyotoka hata mvua inyeshe vipi. Mteja wa kiti cha gari humkalisha kwanza juu ya kipande cha boksi laini kilicholazwa kwenye sponji. Mteja akiinuka, boksi hubaki na vishimo viwili, pale mifupa ya makalio ilipobonyeza. Sikai huanzia hapo.

Tangu kitinda mimba wao alipohamia mji mwingine kikazi, Sikai alikuwa hashikiki. Alitoka sebuleni kwenda uani, akasahau alichofuata, akarudi, akasimama mlangoni kama mgeni asiyejua pa kuweka viatu. Nyumba ilikuwa imepoa. Siku moja akaja na pikipiki iliyokuwa ya mpima ardhi mstaafu. Haikuwa kubwa ya kutisha wala ndogo ya kusombea abiria. Injini yake ilikuwa ya kadiri, na ilipanda mlima bila kunung'unika. Akatangaza kwamba anakwenda kumwona dada yake, kule barabara kuu inakoishia.

Mkewe, ambaye ni mkutubi na hana tabia ya kupaza sauti, alikuwa akikunja nguo. "Unakwenda kutembea au kukaa?"

"Mimi na kukaa kwa watu wapi na wapi! Unanijua."

"Ndiyo," alisema. "Nakujua."

Jibu hilo lilimkwama Sikai kooni. Akaenda kulimezea karakanani.

Safari ya kwanza ya majaribio ilimrudisha akitembea kama bata. Kiti kilikuwa kimeinamia mbele, kila breki ikamtelezesha hadi kwenye tangi. Akakifumua. Akaweka sponji ngumu chini na laini juu, akakilaza sawa, akakipunguza upana mbele ili miguu ifike chini, akakipanua nyuma. Safari ya pili mikono ikafa ganzi. Cheche, fundi wa kuchomelea wa jirani, akamchongea vipande vya chuma vya kuinulia usukani, mabega yakashuka. Kisha ikawa zamu ya kioo cha upepo. Kilikuwa kifupi, kikautupa upepo wote ndani ya helmeti ukavuma mle kama redio mbovu, wakaking'oa na kufunga kirefu kidogo. Wakakaza springi za nyuma zisizame kwa mizigo. Kila kitu kilipotulia, Sikai aliona kingine cha kusumbua.

Mwisho yakaja masanduku ya pembeni. Yaligoma kukaa, kwa sababu vikanyagio vya nyuma, vya miguu ya abiria, vilikuwa njiani.

"Nikivikata," Cheche akauliza, "shemeji ataning'iniza miguu kama soksi kwenye kamba?"

"Wewe kata."

Cheche akamtazama kidogo, akashusha kinga ya uso, akakata. Pale kwenye nafasi ya abiria Sikai akashonea nundu nzuri ya kuegemeza kiuno. Ilikuwa kazi safi kuliko zote alizowahi kushona, na alipoipapasa hakupata raha.

Asubuhi ya Jumamosi mkewe alitoka na chai. Akaizunguka pikipiki taratibu, kama anavyokagua kitabu kilichorudishwa.

"Nizungushe basi, nionje hiyo starehe."

Kabla Sikai hajajibu, mkewe alikwisha kupandisha mguu. Nundu ikamsukuma nyuma. Miguu yake ikatafuta pa kukanyaga kushoto, ikatafuta kulia, ndala moja ikaanguka.

"Miguu yangu niiweke wapi?"

"Masanduku yalikuwa hayaenei…"

"Sikukuuliza masanduku." Akashuka, akaivaa ndala yake. "Mtu anayekwenda kutembea hamkati miguu anayemwacha nyumbani. Ungeniambia tu."

Sikai alifungua mdomo aseme si hivyo, akagundua kwamba hajui kama si hivyo. Miezi yote aliyokuwa akipima na kufumua hakuwahi kujiuliza siku ya kurudi. Alishtuka, kama mtu anayeteleza kwenye ngazi ya nyumba yake mwenyewe.

Akamwita Cheche kupitia juu ya ukuta. "Njoo uvirudishe."

"Na masanduku?"

"Yasogeze nyuma. Yapunguze. Yatupe, shauri yako!"

Wakati cheche zikiruka uani, yeye alichukua wembe, akafumua mshono mmoja mmoja, akaitoa ile nundu. Kisha akalaza boksi laini juu ya sponji, akaenda kusimama mlango wa jikoni.

"Mama watoto. Njoo nikupime."

Alikuwa amewapima nusu ya mji, huyu hajawahi kumpima.

Mkewe hakugeuka kutoka kwenye sinki. "Sikai," alisema. "Napita tu."

Cheche, nje, alikohoa kuficha kicheko.

Sikai hakucheka. Alirudi karakanani, na kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine cha kukaza, akavuta kigoda kando ya lile boksi, akakaa kumngoja. Chai ikapoa. Mteja akachungulia, akaambiwa aje kesho. Magoti yake yalichezacheza bila kukoma, mara mbili akanyanyuka nusu, lakini akarudi chini.

Jua lilikuwa limeshavuka paa mkewe alipotokea, akijifuta mikono. Akamtazama yeye kwanza, pale kwenye kigoda, kwa muda mrefu.

"Tunarudi lini?"

"Likizo yako ikiisha."

Akakusanya gauni lake, akakaa juu ya boksi. "Haya, pima. Na usiniambie nimenenepa."