Mchanga Ndani ya Dumu la Marieta

Miaka ile sabuni ilipoadimika, maziwa ya mgando ya Marieta wa Nyamuswa hayakuwa na mpinzani. Wateja walimwita Mama Robi. Alikuwa na vibuyu vitatu alivyoachiwa na mama mkwe. Kila asubuhi alivisugua kwa mchanga, akavisuuza kwa maji ya moto, kisha akatumbukiza kijinga cha moto cha mzeituni pori na kutikisa mpaka moshi ukampanda puani. Harufu ile, jamani! Hadi leo akiisikia jikoni kwa mtu, husimama.

Biashara ilipofunguliwa, madumu ya plastiki yakajaa Bunda. Marieta akanunua la njano: jepesi, halipasuki likidondoka kwenye basi. Vibuyu akavitundika. Kijinga kingeyeyusha plastiki, basi akaachana nacho. Mchanga hakuuacha. Alitia na vikokoto, akatikisa kama alivyozoea.

Mwezi wa tatu Getruda, mke wa Mwalimu Pastory, akatangaza sokoni kwamba nyumba yake nzima imeharishwa siku mbili na mgando wa Marieta. Getruda hajui kunong'ona. Kufika saa nne hakuna aliyenunua hata kikombe.

Marieta akaenda kwa bwana afya, dumu mkononi, kushtaki kwamba amechafuliwa jina. Yule bwana hakubishana naye. Alichukua panga, akalipasua dumu.

"Mama, chungulia."

Ndani mikwaruzo ilipishana kama shamba lililopitiwa na plau, na kila mkwaruzo una utando uliooza.

"Nilikuwaga naosha kila siku."

"Ndivyo ulivyolikwaruza. Vijidudu vimejichimbia humo, maji hayavifikii."

Akamweleza kwamba moshi ulisaidia, ila hautoshi: maziwa yachemke kwanza, yapoe, ndipo atie kijiko cha mgando mzuri.

Marieta akachemsha, akagandisha kwenye kibuyu kilichofukizwa, akampelekea Getruda nyumbani. Kwa desturi mleta maziwa huanza kunywa mwenyewe. Alikunywa kikombe kizima. Ladha haikuwa ile ya mama mkwe. Ilimuuma moyoni, akameza hivyo hivyo.

Getruda akanusa chake kwa muda mrefu.

"Umetutesa, Mama Robi."

"Nimewatesa. Nisameheni."

"Kesho niletee lita moja, ya watu wazima. Ya watoto nitakuambia."

Marieta hakubembeleza. Alipeleka lita moja kila siku, na ilikuwa Pasaka imeshapita ndipo Getruda alipomwambia aongeze ya pili, ya watoto.