Vyura wa Katibu

Mwanangu amemwaga maji uani, na harufu ya udongo mkavu ulioloa imenirudisha utotoni.

Mwaka ule wa ukame tulimwagilia kwa zamu, kwa maji ya ndiva, bwawa letu la mlimani. Zamu yetu ilipofika, mfereji ulileta tope tu. Mahindi yalikuwa yanajikunja, na kwetu hakukuwa na chakula kingine.

“Mama, mbona vyura wanalia kwa Katibu peke yake?” nikauliza.

Majirani walicheka. Mama alichuchumaa. “Wapi, mwanangu? Nionyeshe.”

Nikatangulia mbio, yeye nyuma na jembe. Kumbe maji yetu yalikuwa yamejaa kwenye migomba ya Katibu wa kijiji, yule yule aliyetuhubiria usawa kila mkutano! Mwizi alikuwa yeye, nasema wazi. Alisimama pale na koleo lake.

“Shikamoo, Katibu,” mama akasema, huku anabomoa tuta lililoziba mfereji wetu.

“Marahaba… wee! Tuta langu!”

“Tuta lako, maji yetu.”

Maji yakafyatuka. Nikakimbia nayo nikipiga vigelegele mpaka kwenye mahindi yetu.

Sasa mwanangu ananivuta kanga. “Mama, njoo uone!”

Naepua ugali haujaiva, namfuata.