Siku ya Kiongozi wa Kina Spesi

Enzi zetu pale Ijumbi, mtoto alikula katika nyumba yoyote ambayo jua la mchana lilimkutia. Ukitoka shule na njaa yako, ukikatiza kibanja cha jirani, unaitwa: ndizi na maharage vimemwagwa juu ya jani la mgomba, moshi wake unakuvuta pua, mikono sita inagombea upande wenye samli. Siku hizi mjukuu wangu akija kutoka Mwanza huulizia kwanza pa kuchajia simu. Nikimkaangia senene, wale panzi wetu wa msimu, anawapiga picha mpaka wanapoa.

Lakini nisiwadanganye wenzangu wa rika langu. Walikuwepo watu ambao hatukula nao.

Baba Spesi alikuja akikimbia mauaji ng'ambo ya mpaka. Baba yangu alimpa kijumba mwisho wa kibanja chetu, naye akawa anatupalilia migomba na kutuchumia kahawa. Jikoni kwetu bibi alimtengea kikombe chake cha bati, kikining'inia peke yake kwenye msumari, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Mimi na binti yake Spesi tulikaa dawati moja, tukachota maji kisima kimoja, tukacheza rede kwa mpira wa majani makavu ya mgomba mpaka tuitwe kwa ukali.

Kila mwaka, mvua za vuli zikianza, ilikuwapo siku moja ambayo Baba Spesi hakushika jembe. Alivaa shati jeupe, akasimamisha juu ya kigoda picha iliyokatwa gazetini, akaizungushia maua. Ilikuwa picha ya kiongozi wa kwao.

"Huyu alizaliwa katika ukoo wa wakubwa," alitusimulia, "lakini alikaa na wakulima meza moja. Hakutaka watu wagawanywe kwa makabila. Tulimpenda, tukamchagua. Wasiotaka umoja wakampiga risasi."

Nikamuuliza yeye mwenyewe alikuwa kabila gani. Akatabasamu kidogo tu.

"Waulize waliokuja kunichomea nyumba, mwanangu. Wao ndio waliokuwa wakihesabu."

Tulipokuwa darasa la tano, siku moja kabla ya siku hiyo ya ukumbusho, Spesi alinilenga mpira wa rede ukanipata mgongoni. Nikakataa kutoka.

"Koku, umeguswa. Acha ubishi," akasema.

Hasira ikanipanda. "Rudini kwenu, wanyamahanga nyie!" Kwa Kihaya, ndivyo wanavyoitwa watu wa kuja. Wasichana wengine wakacheka. Spesi akajitwisha ndoo yake, akaenda zake bila kugeuka.

Jioni nikamwona baba yake anakuja kwetu. Nikajificha nyuma ya mlango, nikijua fimbo imefika. Kumbe alikuja kutualika, kama alivyofanya kila mwaka.

"Waitu, Baba Koku," akasalimia kwa heshima ya Kihaya, "kesho ni siku ya kiongozi wetu. Karibuni."

Kila mwaka baba alishukuru, asiende. Alipofungua mdomo kushukuru tena, nikatoka mafichoni nikilia na kusema yote mwenyewe. Baba hakunichapa. Alimgeukia mgeni wake.

"Kesho tutakuja. Na huyu atamwomba mwenzake radhi."

Asubuhi baba alivaa koti lake la kanisani, akatungua kile kikombe.

"Hicho ni cha vibarua!" bibi akashtuka.

"Ndicho nitakachonywea, mama."

Tuliketi juu ya nyasi mbele ya ile picha. Baba Spesi akamimina lubisi, pombe ya ndizi, katika kikombe kile, baba akanywa, akampa mwenyeji, wakapokezana hivyo hivyo, wakinong'ona kama watu walio msibani. Mimi mdomo uligoma kufunguka. Spesi akanipa ua, nikaliweka kwenye kigoda, na tukaanza kucheza kana kwamba jambo limekwisha. Mwaka uliofuata hata bibi alikuja na mkungu wa ndizi, akilalamikia magoti yake njia nzima.

Tulipomaliza darasa la saba, zilikuja habari kwamba kwao kina Spesi kumetulia. Walipanda lori pale Nshamba, mvua ikinyesha, tukaahidiana barua. Sikupata hata moja.

Sasa wazazi wangu na bibi wamelala kibanjani Ijumbi. Mimi niliolewa huku Kashozi, mume wangu ametangulia, na watoto wako mijini. Kila mwaka, siku ile, humwombea misa yule kiongozi. Safari hii kijana wa ofisi ya parokia aliniuliza, "Bibi, huyu marehemu ni ndugu yako?" Nikajibu ndiyo. Padri alisoma jina, hakuna aliyeinua uso. Nilikuwa peke yangu kwenye benchi, na vinywa vya kulitaja jina lile sijui viko wapi.

Juzi nilimsikia mjukuu wangu akicheka na simu yake. Alikuwa amemtukana mtu kwa kabila lake. Nikamuuliza ni nani.

"Simfahamu, bibi. Ni utani tu wa mtandaoni."

Sisi tulitukanana tukijuana majina, na kesho yake kisima kikatukutanisha. Yeye huyo mtu wake atamkuta kwenye kisima gani? Nilitaka kumkaripia, nikakosa nguvu. Maana mimi niliyemjua wangu, niliyepewa zaidi ya miaka miwili ya kukaa naye dawati moja, neno "nisamehe" sikuwahi kumwambia.