Gundi ya Kinyago cha Kiboko

Harufu ya mabondo ya sangara yakichemka haikuwa harufu ya kumsingizia mtu mwingine. Ilikaa kwenye sare, kwenye nywele na kwenye madaftari yetu muhula mzima. Shule yetu ya Makoko ilikuwa ikiandaa mchezo wa kuigiza kwa ajili ya mashindano ya Bunda, nasi tulihitaji vinyago vya wanyama. Unga wa ngano wa kupikia gundi ulikuwa umetoweka madukani, na unga wa muhogo ulikuwa chakula, si gundi. Karatasi tulibandua kwenye mifuko ya saruji. Utomvu wa mgunga tuliujaribu, ukakauka na kupasuka kama tope la kiangazi. Ndipo Nyangeta, binti wa mvuvi wa Buhare niliyekaa naye dawati moja, alipoleta mabondo, yale mafuko ya hewa yaliyo ndani ya samaki ambayo wakati huo yalitupiwa ndege. Aliyachemsha mpaka yakawa mazito, na karatasi zikashikana kama ngozi.

Siku mbili kabla ya safari, mwalimu wetu wa sanaa alisema harufu ile ingetuaibisha mbele ya wageni. Akaagiza kinyago cha kiboko, kilichonuka kuliko vyote, kibandikwe upya kwa maziwa ya mnyaa, ule mti wa utomvu mweupe uliozungushiwa ua wa shule.

“Mwalimu, ile inachomaga macho,” Nyangeta alisema. “Kwetu hata mbuzi tunawafukuzaga pale.”

“Wewe na samaki wako,” mwalimu alimjibu, na darasa zima likacheka. Mimi pia nilicheka. Kisha nikachukua kisu, nikaenda kuukata mnyaa.

Bunda kulikuwa na jua kali. Marwa, aliyeigiza kiboko, alitoka jasho, utomvu ambao haukuwa umekauka vizuri ukamtiririkia machoni, naye akakitupa kinyago katikati ya jukwaa akipapasa hewa. Aliona tena baada ya wiki moja. Mwalimu, mtu aliyechoka, mwenye viatu vilivyofungwa kwa waya, aliogopa kazi yake. Alinisomea maneno ya taarifa, nami, katibu wa kikundi, nikayaandika kwa mwandiko mzuri: kosa ni la mwanafunzi Nyangeta, aliyechagua gundi isiyofaa. Aliondolewa kikundini. Alihamia dawati la nyuma.

Nimetumikia ofisi za umma hadi kustaafu, nikiwakaripia vijana kwa taarifa zisizo sahihi, na ya kwanza niliyoandika mimi ilikuwa ya uongo. Nasahihisha: gundi ya Nyangeta haikumdhuru mtu. Mnyaa niliukata mimi, kwa agizo la mwalimu.

Siku hizi mabondo yananunuliwa kwa kugombaniwa, na wajukuu zangu hapa Musoma hutengeneza vinyago kwa gundi ya dukani. Juzi mwalimu wao alisoma maandishi madogo ya kichupa, “epusha na macho”, akawaamuru wote wanawe mikono. Hakuna aliyekicheka kichupa.