Ulimi wa Fundi wa Ngozi

Walimwita Mbona, na jina likamkaa. Enzi za nguvu zake alikuwa fundi wa ngozi: alizitandaza bandani, akazipaka chumvi, akazianika. Uzee ulipomstaafisha, kikabaki kinywa chake kisichochoka kuuliza. Mbona kuku huyu anatembea upande? Mbona moshi wa jirani unageukia kwetu tu? Mkewe alimjibu swali kwa swali: mbona hunyamazi?

Kiangazi hicho swali likaja lenyewe mlangoni. Mbuzi wa mkewe walianza kufa. Si kuugua, kufa: jioni mbuzi mzima anacheua, asubuhi kalala chali, damu nyeusi imemtoka puani. Na ni mbuzi hao waliokuwa wakiwalisha wazee hao wawili tangu ngozi zikose soko. Bwana mifugo akaja, akakataza mzoga wowote usipasuliwe, akawachanja waliobaki. Kimeta, alisema. Chanjo huchukua muda kushika, na ugonjwa wenyewe hukaa ardhini miaka na miaka. Akawaambia wawafungie mbuzi na watafute mahali wanapoupata, la sivyo zizi litabaki tupu.

Kumwambia Mbona atafute! Hiyo ni kumwonyesha fisi njia ya buchani. Akamfunga beberu mmoja kamba, akamwacha aongoze njia, naye nyuma, macho kodo.

Beberu akapita majani mazuri bila hata kuyatazama. Akashuka korongoni, huko ambako watu walimaliza vichaka kwa kuchoma mkaa, na tangu hapo mvua ikabomoa kingo na upepo ukabeba udongo uliobaki, hadi ukaingia kwenye vitanda vya watu. Mbona hakupafahamu tena. Ardhi ilikuwa imeshuka, njia zimekatika, kilima kimeliwa nusu. Beberu akakazana kuelekea kwenye udongo mweupe, ulimi nje, Mbona akamvuta kwa nguvu zake zote na kumfunga mbali kwenye kisiki.

Kisha akarudi kutazama. Mbona udongo huu mweupe? Akainama, na mkono ukafanya ulichozoea. Fundi wa ngozi huonja kila chumvi, maana yenye mchanga humharibia kazi, na ulimi huijua kabla ya jicho. Akachovya kidole, akakipeleka mdomoni.

Chumvi! Tena ile ya mawe, waliyoitumia mafundi wa ngozi. Jamani, alivyofurahi! Ndiyo maana mbuzi walikuja mbio. Akatazama vizuri, akaona mawe ya msingi yamechomoza ardhini, na hapo ndipo akajua amesimama wapi. Lilikuwa banda lao la ngozi la zamani, lililofukiwa siku nyingi, na sasa upepo umelifunua.

Furaha ikamwishia hapo hapo. Ngozi zilizoletwa bandani zilikuwa za waliochinjwa na za waliojifia, na hakuna aliyeuliza huyu kafa na nini. Chumvi ilizuia ngozi zisioze, lakini kimeta haikukiua. Na kidole chake bado kilikuwa na mate. Akatema, akatema tena, mpaka kinywa kikakauka.

Akamfungua beberu, akampitia bwana mifugo, ambaye hakupoteza muda: akaita watu wafunike pua na midomo, wakazungushia mahali pale miiba, na yeye akamtimua Mbona kwenda zahanati. Muuguzi aliposikia mzee amekula udongo alicheka, akamuuliza ana mimba ya miezi mingapi. Aliposikia ni udongo gani, kicheko kikakatika. Akampa vidonge vya wiki nyingi na kumwonya kwamba homa au maumivu ya tumbo yakianza, hata kidogo, arudi mbio.

Mbona akakaa kwenye benchi, anaogopa kweli. Mkewe akafika, vumbi mpaka kwenye nyusi, habari kashazipata njiani. Mbona akawahi kumwambia kwamba chanzo kimepatikana, mbuzi wake watapona. Akaketi karibu naye.

"Beberu ulimvuta kwa kamba," akasema. "Wewe, mume wangu, nikuvute kwa kamba gani?"

Mkewe akamshika mkono, ule ule wa kuonjea, na hakuuachia mpaka walipofika nyumbani.